Gerald Gardner: Mtunzi Aliyeukana Utunzi Wake

Katika Kiswahili, mganga hutibu na mchawi huroga. Ndiyo maana maisha ya Gerald Brosseau Gardner humtatiza mwandishi wetu tangu sentensi ya kwanza, kwani yeye alijiita mchawi kwa fahari, akikusudia mfuasi wa dini inayotukuza nguvu za maumbile. Dini hiyo leo huitwa Wicca.

Gardner alizaliwa tarehe 13 Juni 1884 karibu na Liverpool, Uingereza, katika familia tajiri ya wafanyabiashara wa mbao. Kwa kuwa alisumbuliwa na pumu, yaya wake alimzungusha katika nchi zenye joto, naye akakosa elimu ya darasani. Kusoma alijifunza mwenyewe. Mwaka 1900 alikwenda Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, kufanya kazi katika shamba la chai. Baadaye alihamia Borneo, kisha Malaya, alikokuwa afisa wa forodha. Huko alizichunguza imani na silaha za wenyeji, na mwaka 1936, aliostaafu, akachapisha kitabu kuhusu keris, jambia la Wamalay.

Kwa maelezo yake, mwaka 1939, karibu na New Forest kusini mwa Uingereza, alipokewa katika kikundi cha siri kilichorithi dini iliyoutangulia Ukristo. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 ikiwa bado inatumika, aliyafumba matambiko ya kikundi hicho ndani ya riwaya, High Magic's Aid, mwaka 1949. Sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1951, alilivua vazi la bunilizi, akaandika waziwazi katika Witchcraft Today mwaka 1954.

Katika mapokeo yaliyotokana naye, waumini husimama ndani ya duara lililochorwa kwa kisu au upanga. Chumvi, iliyo ishara ya ardhi, hutiwa majini. Uvumba hufukizwa chetezoni ili moto na hewa vikutane. Kila upande una asili yake: mashariki hewa, kusini moto, magharibi maji, kaskazini ardhi. Gardner alishikilia kwamba nguvu hutoka miilini mwa waumini wenyewe kwa ngoma na nyimbo. Kwa hivyo, duara halikukusudiwa kuzuia pepo wasiingie, bali kuzuia nguvu hiyo isitawanyike.

Mwaka 1953 alimpokea Doreen Valiente, mshairi hodari. Valiente alipousoma mkusanyo wa matambiko, alitambua humo maneno ya Aleister Crowley. Alipomsaili, Gardner alimpa changamoto aandike yaliyo bora zaidi. Akayaandika, na utunzi wake ukawa nguzo ya ibada hizo. Hata hivyo, mwaka 1957 walifarakana, hasa kwa sababu Gardner aliyapenda mno magazeti. Aidha, shahada za uzamifu alizojinasibishia ziligunduliwa kuwa hazikuwa zake.

Gardner alifariki tarehe 12 Februari 1964 melini, akirejea kutoka Lebanon, akazikwa Tunis, katika ardhi ya Afrika.

Wanahistoria, akiwemo Ronald Hutton, hawajaona ushahidi wa dini ya kale iliyodumu bila kukatika hadi kumfikia Gardner. Yamkini alikutana na kikundi fulani, kisha akayajaza mapengo kwa vitabu. Kwa maoni yetu, kosa lake halikuwa kutunga, kwani kila ibada ina mtunzi. Kosa lilikuwa kuukana utunzi na kuuvika ukale ambao hakuweza kuuthibitisha.

Nasi tuna funzo letu. Katika nchi ambamo watu waliteketezwa kwa kushukiwa uchawi, kama ilivyotokea Kisii mwaka 2008, kumwita muumini wa Wicca mchawi pasi na maelezo ni kumtwika mzigo ambao Gardner hakuufahamu. Mtafsiri na alipime neno hilo kabla ya kuliandika.