Moïse Tshombe alikufa Alger, lakini udugu wa majandarma wake ulibaki

Moïse Kapenda Tshombe alifariki tarehe 29 Juni 1969 mjini Alger akiwa kizuizini, mbali sana na Musumba alikozaliwa. Serikali yake ya Katanga ilikuwa imekwisha miaka sita kabla. Lakini jeshi aliloanzisha halikuzikwa pamoja naye. Askari wake, wanaojulikana kama majandarma wa Katanga, walibaki pamoja ugenini, wakalea watoto wao humo humo, na baadhi ya watoto hao waliingia Kolwezi na bunduki mwaka 1978.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 Musumba, makao ya wafalme wa Walunda, upande wa Kapanga, leo katika jimbo la Lualaba. Baba yake, Joseph Kapend Tshombe, alikuwa mfanyabiashara tajiri. Moïse alisoma kwa wamisionari Wamethodisti, akajifunza uhasibu, akaoa binti wa Mwant Yav. Mwaka 1951 alirithi biashara ya baba yake, lakini haikumwendea vizuri, akageukia siasa. Kufikia 1959 alikuwa rais wa CONAKAT, chama kilichodai Katanga itawaliwe na wenyeji wake, na ambacho kiliwaona wahamiaji wa kutoka Kasai kama washindani.

Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Congo, alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Siku hizo hizo askari wa Force Publique walikuwa wameasi hata mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Tshombe alihitaji jeshi jipya haraka. Maafisa wa Ubelgiji walimsaidia kuliunda, vijana wakaandikishwa, kisha mamluki wa Kizungu wakaletwa kuongoza vikosi. Upande wa Wakatanga, jeshi lilikuwa chini ya Norbert Moke.

Kwa wengi waliojiunga, ujandarma ulikuwa mshahara, heshima na jina. Kwa Wabaluba wa kaskazini mwa Katanga waliomfuata Jason Sendwe wa BALUBAKAT, majandarma walikuwa watu wa kuchoma vijiji. Na tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa katika ardhi ya Katanga, mikononi mwa serikali ya Tshombe, maafisa wa Kibelgiji wakiwepo. Doa hilo halikumtoka Tshombe maisha yake yote.

Mwishoni mwa Desemba 1962, askari wa Umoja wa Mataifa walianza mashambulizi ya mwisho. Tarehe 3 Januari 1963 waliingia Jadotville, yaani Likasi. Tshombe na majandarma waliobaki walikusanyika Kolwezi. Hapo alikuwa bado na silaha moja kubwa, nayo ni maji ya mto Lualaba. Bwawa la Nzilo, wakati huo likiitwa Delcommune, na lile la Nseke, lililoitwa Le Marinel, ndiyo yaliyotoa umeme wa migodi. Yalitegwa baruti. Kama yangelipuliwa, migodi ingesimama, na watu wa chini ya mto wangesombwa na maji.

Hayakulipuliwa. Katikati ya Januari Tshombe alikubali kwamba kujitenga kumekwisha, na tarehe 21 Januari 1963 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi bila vita. Uamuzi huo uliokoa Nzilo na watu wake. Lakini swali moja lilibaki bila jibu: maelfu ya majandarma wangekwenda wapi? Wachache waliingizwa katika jeshi la taifa, ANC. Wengi walirudi vijijini bila kazi na kwa hofu ya kulipiziwa kisasi. Wengine walivuka mpaka na silaha zao hadi Angola, iliyokuwa koloni la Ureno. Tshombe mwenyewe aliondoka kwenda Ulaya.

Katika kambi za Angola ndipo jeshi lilipogeuka kuwa udugu. Nchi waliyoiapia haikuwepo tena, na aliyewaajiri alikuwa mbali. Kilichobaki ni wao kwa wao: vyeo vyao, safu zao, na tumaini la kurudi nyumbani.

Nafasi ilikuja mwaka 1964. Waasi wa Simba walikuwa wameteka sehemu kubwa ya mashariki, na Rais Joseph Kasavubu alimwita Tshombe kuwa waziri mkuu wa Congo nzima. Tshombe aliwaita majandarma wake, nao wakaitikia. Walipigana pamoja na mamluki na ANC, na Stanleyville, Kisangani ya leo, ikakombolewa tarehe 24 Novemba 1964.

Tarehe 13 Oktoba 1965 Kasavubu alimfukuza kazi. Mwezi uliofuata Mobutu alichukua madaraka, na Tshombe akakimbilia Hispania. Majandarma walibaki tena bila mlezi. Julai 1966 waliasi Kisangani chini ya Kanali Ferdinand Tshipola, wakazimwa kwa msaada wa Bob Denard, mamluki waliyekuwa wamepigana naye upande mmoja. Machi 1967 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu Tshombe kifo bila yeye kuwepo.

Tarehe 30 Juni 1967 ndege aliyokuwa amepanda karibu na visiwa vya Hispania ilitekwa na Francis Bodenan, ikapelekwa Algeria. Siku chache baadaye mamluki Jean Schramme aliasi pamoja na mamia ya majandarma. Watu wa Bukavu wanaijua habari hiyo: mji ulishikwa tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba 1967, ndipo waasi wakavuka kwenda Rwanda. Hapo udugu wa vita ulipimwa. Mamluki walirudishwa kwao Ulaya mwaka 1968. Majandarma walirudishwa Congo, wakiwa na ahadi ya msamaha tu mkononi.

Mahakama kuu ya Algeria iliamua Tshombe akabidhiwe kwa Mobutu, lakini Rais Houari Boumédiène hakumtoa. Alikaa kizuizini miaka miwili, kisha ikatangazwa kwamba moyo wake umesimama. Hakuwa hata na miaka 50. Alizikwa Brussels.

Wale waliokuwa bado Angola hawakutawanyika. Mwaka 1968, chini ya Nathaniel Mbumba, walianzisha chama cha FNLC, na watu wakawaita Tigre. Walitumiwa kwanza na Wareno, kisha wakasaidia MPLA. Watoto wao walipokua, waliingia katika safu za baba zao. Machi 1977 walivuka kuingia Shaba, wakafika Mutshatsha kabla ya kurudishwa nyuma na wanajeshi wa Mobutu na wa Moroko. Tarehe 13 Mei 1978 waliteka Kolwezi. Askari wa Ufaransa walishuka kwa miamvuli tarehe 19 Mei, na mamia ya watu, weusi na Wazungu, walikuwa wameuawa.

Wengine walirudi tena mwaka 1997, safari hii wakiwa upande wa AFDL wa Laurent-Désiré Kabila, ambaye katika ujana wake alikuwa katika vijana wa BALUBAKAT waliopigana na majandarma wa Tshombe. Ilikuwa imepita miaka 34 tangu Kolwezi ikabidhiwe. Tshombe alimaliza vita kwa neno moja na bwawa la Nzilo likasalimika, ila hakuna aliyewapa askari wake mahali pa kuweka bunduki na kuishi. Gharama ya jambo hilo ililipwa na wakaaji wa Kisangani, Bukavu na Kolwezi.