Maisha ya Daktari Banting na Sindano ya Sukari

Kurasa kama hizi aghalabu hujaa maisha ya washairi na wapigania uhuru, na si vibaya. Mimi leo nawaletea daktari. Jina lake ni Frederick Grant Banting, mzaliwa wa Kanada. Pengine jina hulijui, lakini ukipita kliniki ya ugonjwa wa sukari, iwe Hola, Ngao au Malindi, utaikuta kazi yake ndani ya kichupa kidogo cha glasi.

Nimemchagua yeye kwa sababu ya mjadala ulioko nyumbani. Nyanya yangu ana sukari miaka mingi. Vidonge amemeza mpaka vimemchosha, na sukari sasa haishuki. Ameambiwa afikirie kuanza sindano ya insulini. Basi hapo ndipo maneno yalipozuka! Mjomba asema sindano hiyo ikishaingia mwilini haitoki, ni tikiti ya kaburini. Jirani asema ati ile dawa ni ya nguruwe. Nyanya mwenyewe anyamaza tu, apepeta mchele wake. Nikaona heri nijue aliyeileta alikuwa nani, na aliitoa wapi.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika shamba karibu na mji mdogo wa Alliston, jimbo la Ontario. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watano wa mkulima William Banting na mkewe Margaret. Shuleni hakuwa moto wa kuotea mbali, na kuendeleza maneno kulimsumbua maisha yake yote. Mwaka 1910 aliingia chuo kikuu mjini Toronto kusomea masomo ya sanaa, akaanguka mwaka wa kwanza. Mwaka 1912 akahamia udaktari. (Wenzangu mliopata alama za mkia muhula uliopita, msijitie kitanzi.)

Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, masomo ya madaktari yaliharakishwa, naye akahitimu Desemba 1916. Akapelekwa Ulaya. Mwaka 1918, karibu na mji wa Cambrai huko Ufaransa, kipande cha kombora kilimpiga mkono wa kulia, naye akaendelea kuwatibu majeruhi wenziwe kwa saa nyingi. Kwa hayo alipewa nishani ya ushujaa.

Aliporudi kwao mambo hayakumwendea vizuri. Julai 1920 alifungua zahanati yake katika mji uitwao London, si ule wa Uingereza bali mwingine ulioko Ontario. Alikaa wiki nzima nzima akiutazama mlango. Mwezi wa kwanza alipata dola 4 tu! Ili asife njaa akaomba kibarua cha kufundisha katika chuo cha mji ule. Na kibarua hicho ndicho kilichobadili kila kitu, maanake usiku wa tarehe 30 Oktoba 1920 alikuwa akitayarisha somo kuhusu jinsi mwili unavyotumia sukari.

Hapa lazima tukumbushane Bayolojia kidogo. Nyuma ya tumbo tuna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hiki kina kazi mbili. Hutoa maji ya kuyeyusha chakula, yanayopita katika kijimfereji hadi utumboni. Pia kina vikundi vidogo vya seli, mithili ya visiwa ndani ya bahari, ambavyo Mjerumani Paul Langerhans aliviona kwa darubini mwaka 1869. Mwaka 1889 Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na yule mbwa akashikwa na kisukari. Tangu hapo wataalamu walijua kuwa kongosho lina kitu kinachoituliza sukari. Tatizo lilikuwa kukitoa. Wengi walijaribu, wakashindwa au dawa yao ikawadhuru wagonjwa.

Banting alilala akiwa na makala ya daktari mmoja juu ya kongosho, usingizi ukakataa. Mnamo saa nane za usiku akaamka, akaandika wazo lake katika daftari kwa sentensi chache, na hata jina la ugonjwa wenyewe akalikosea herufi. Wazo lilikuwa hili: ufunge kile kijimfereji cha mbwa, ungoje sehemu inayotoa maji ya chakula inyauke, vibaki vile visiwa peke yake, ndipo utoe dawa. Baadaye ilionekana kwamba haikuwa lazima kupitia njia hiyo ndefu. Lakini bila wazo hilo Banting asingaliondoka kwenye kiti chake.

Alikwenda Toronto kwa Profesa J. J. R. Macleod, Mskoti aliyebobea katika mambo ya sukari mwilini. Profesa hakuvutiwa sana na kijana asiyejua utafiti, hata hivyo mwishowe alimpa chumba, mbwa na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Wanafunzi walikuwa wawili, wakarusha sarafu kuona nani atangulie. Charles Best akashinda, umri wake miaka 22. Kazi ilianza tarehe 17 Mei 1921.

Kiangazi hicho kilikuwa cha joto kali, na chumba kilinuka. Mbwa wengi walikufa, mmoja baada ya mwingine. Kisha mbwa aliyetolewa kongosho alidungwa ile dawa, na sukari ikashuka. Hayawi hayawi huwa! Ila mbwa hawakutosha, na kufunga vijimfereji kulichukua majuma mengi. Banting, mtoto wa mkulima, alifikiria machinjio. Wakaanza kutumia kongosho za ndama na ng'ombe, zile zinazotupwa. Nawaza jinsi wenzetu Waorma, wanaomjua ng'ombe kuliko sisi tunavyojua vitabu, wangecheka kusikia kwamba dawa iliyowashinda maprofesa ilikuwa ikitupiwa mbwa kila siku. Desemba mwaka huo akaongezwa mkemia James Collip, fundi wa kuisafisha.

Katika Hospitali Kuu ya Toronto palikuwa na mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson. Alikuwa na kilo 29 hivi. Wakati ule tiba iliyokuwako ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula ili sukari isipande, yaani mtoto achague kufa kwa sukari au kwa njaa. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard alidungwa dawa ya Banting na Best. Sukari ilishuka kidogo tu, na pale penye sindano pakafura jipu. Wakasimamisha. Collip akajifungia akaisafisha usiku na mchana, na tarehe 23 Januari wakarudia. Safari hii sukari ilishuka sawasawa, kijana akapata nguvu. Aliishi miaka 13 zaidi, akafa kwa nimonia.

Msichana mmoja, Elizabeth Hughes, aliletwa Toronto Agosti 1922. Baba yake alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, lakini cheo hicho hakikumwongezea mwanawe nyama, maanake alikuwa na kilo 20 hivi, naye akitimiza miaka 15. Banting mwenyewe alimtibu. Elizabeth alisoma, akaolewa, akazaa watoto, akafa mwaka 1981. Inakadiriwa alijidunga zaidi ya mara 40,000. Mjomba nilipomwambia hesabu hiyo alikohoa tu.

Sasa mtu ataniuliza: hao walikuwa watoto, nyanya yako ni mtu mzima, sukari yake ni ileile? La hasha, na swali hilo ni zuri. Mwaka 1936 daktari Mwingereza, Harold Himsworth, alionyesha kwamba kisukari si kimoja. Kuna kile ambacho kongosho limeacha kabisa kutoa insulini, kama cha Leonard. Hicho ni aina ya kwanza. Na kuna kile ambacho insulini ipo lakini mwili hauisikii vizuri. Hii ndiyo aina ya pili, na ndiyo inayowapata watu wazima wengi. Huanza kutibiwa kwa chakula, mazoezi na vidonge. Lakini kongosho hilo hulazimika kutoa insulini nyingi kila siku, na miaka ikipita huchoka, kama punda anayebebeshwa mizigo miwili. Likichoka, vidonge pekee havitoshi. Hapo daktari husema sindano. Si adhabu, wala si kwamba mgonjwa alikula halua kwa siri. Wengine hupewa kwa muda tu, kwa mfano wakati wa upasuaji au maradhi makali, kisha wakarudi kwenye vidonge.

Mimi nadhani najua maneno ya mjomba yalikotoka. Wazee wetu huikataa sindano mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanakuja kuikubali kidonda kimeshaoza mguu au figo zimeshaharibika. Mgonjwa akifa mwezi unaofuata, waombolezaji wanakumbuka kitu kimoja: alianza sindano. Kuchelewa hakutajwi. Sindano inabeba lawama ya siku zile zote ambazo haikuwako. Toronto mwaka 1922 watu waliiona sindano hiyohiyo ikiwainua wanaokufa.

Hata hivyo si dawa ya mchezo. Ukizidisha kipimo, au ukijidunga kisha usile, sukari hushuka mno: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hata kuzirai. Ndiyo sababu mgonjwa hufundishwa kupima damu, kubadilisha mahali pa kudunga, na kuwa na kitu kitamu karibu. Katika mwezi wa Ramadhani ni lazima azungumze na daktari kabla ya kufunga. Mambo haya yanajifunzika. Nyanya hajui kusoma, lakini huhesabu pesa za maembe bila kukosea hata shilingi, sembuse kuhesabu alama za bomba la sindano?

Na nguruwe? Jirani hakusema uongo mtupu. Kwa miaka mingi insulini ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na za nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 ipo insulini inayofanana na ya binadamu, inayotengenezwa na bakteria au chachu waliowekewa maelekezo ya kuitoa. Hiyo ndiyo inayotumika zaidi siku hizi. Mwenye shaka na amwulize mfamasia kichupa chake kimetoka wapi.

Lililobaki lilikuwa joto. Insulini huhifadhiwa kwenye jokofu, na sisi twajua jua la Garsen lilivyo, na nyumba ngapi zina umeme. Tena mafuriko yakija, barabara hukatika. Jibu limetoka jirani tu, kwa wakimbizi wa Dadaab. Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za huko, wakaona linatembea kati ya digrii 25 na 37. Pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, insulini ikawekwa maabarani katika joto la namna hiyo kwa majuma 4. Mwaka 2021 walichapisha matokeo: nguvu yake ilikuwa sawa na ya ile iliyokaa kwenye jokofu. Basi kichupa kinachotumika chaweza kukaa nyumbani mahali pa kivuli, kwa mfano ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, mbali na jua. Vile ambavyo havijafunguliwa ndivyo vya kutafutiwa jokofu.

Turudi kwa Banting. Januari 1923 yeye, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki za uvumbuzi wao, kila mmoja kwa dola 1. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naye hapo awali hakutaka hata jina lake liwemo katika hati hizo, kwa kuwa aliona kiapo cha daktari hakimruhusu kufanya biashara ya uhai. Wangaliweza kuwa matajiri wa kutupwa. Inaniuma kwamba kitu kilichouzwa kwa dola 1 leo humfanya mzee auze mbuzi ili akipate.

Lakini msimfikirie malaika. Alikuwa na hasira za karibu. Yeye na Collip nusura wapigane ngumi kavukavu kwa ajili ya siri ya kuisafisha dawa. Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1923 ilipotolewa kwake na kwa Macleod, alighadhabika kwamba Best ameachwa, akataka kuikataa. Alipotulizwa akagawana fedha zake na Best, na Macleod naye akagawana na Collip. Alikuwa na miaka 32, na hadi leo hajatokea mdogo kuliko yeye katika tuzo hiyo ya udaktari.

Umaarufu haukumpa raha. Ndoa yake ya kwanza ya mwaka 1924 ilivunjika mwaka 1932, ikiacha mtoto mmoja wa kiume. Alioa tena mwaka 1937. Alipenda kuchora picha za theluji na vijiji, na mwaka 1927 alisafiri hadi kaskazini ya mbali pamoja na mchoraji maarufu A. Y. Jackson. Mwaka 1934 akapewa cheo cha Sir.

Vita vya Pili vilipoanza akarudi jeshini, akashughulikia utafiti wa afya ya marubani. Usiku wa tarehe 20 Februari 1941 alipanda ndege ya kivita huko Newfoundland kwenda Uingereza. Injini zikaharibika, ndege ikaanguka karibu na Musgrave Harbour. Rubani alipona. Banting alikufa kesho yake, akiwa na miaka 49, akazikwa Toronto. Siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Novemba, ndiyo Siku ya Kisukari Duniani tangu mwaka 1991. Nje ya ile nyumba ya London ya Ontario, alimokosa usingizi, pamewashwa mwenge tangu mwaka 1989, nao hautazimwa mpaka ipatikane dawa ya kuponya sukari kabisa.