Nabonidus, mfalme wa Babeli aliyehamia jangwani

Katika mwaka wa 1956 mtaalamu D. S. Rice alikuwa akichunguza magofu ya Msikiti Mkuu wa Harani, mji wa kale ulioko kusini ya nchi ya Uturuki. Penye milango ya msikiti huo palikuwa na mawe makubwa yaliyolazwa chini yawe vipandio, na watu waliokwenda kusali walikuwa wameyakanyaga karne baada ya karne. Yalipopinduliwa, upande uliolala udongoni ulionekana umejaa maandishi ya kikabari, yaani ule mwandiko wa Babeli ambao alama zake zafanana na misumari midogo. Aliyeandikisha maneno hayo alikuwa mfalme, jina lake Nabonidus, aliyetawala Babeli tangu mwaka 556 hadi 539 K.K. Na habari aliyoisimulia ilikuwa ya ajabu: jinsi alivyouacha mji mkuu wa milki yake, akaenda kukaa katika miji ya jangwa la Arabuni kwa muda wa miaka kumi, pasipo kukanyaga tena Babeli mpaka miaka hiyo ilipotimia.

Nabonidus hakuzaliwa katika nyumba ya kifalme. Baba yake hakuwa mfalme, na mama yake, Adad-guppi, alikuwa mwanamke wa Harani aliyejitoa maisha yake yote kumtumikia Sin, mungu wa mwezi, ambaye hekalu lake katika mji ule lilikuwa limebomolewa vitani. Mama huyo aliishi muda mrefu sana. Jiwe la kaburi lake, ambalo nalo lilipatikana Harani, ladai kwamba alifikia umri wa miaka 104. Basi mtoto alilelewa akisikia habari za hekalu lililovunjika na mungu aliyekosa makao. Alikuwa tayari mtu mzima sana wakati wenye nguvu katika jumba la kifalme walipomwua mfalme kijana aliyekuwa ametawala miezi michache tu, wakamweka yeye mahali pake. Ni miaka sita tu ilikuwa imepita tangu kufa kwa Nebukadneza mkuu, yule aliyeuteketeza Yerusalemu.

Mfalme huyu alipenda mno mambo ya kale. Kila alipotaka kulijenga upya hekalu fulani, aliwaamuru watu wake wachimbe mpaka wafikie msingi wa kwanza, kwa kuwa hakutaka jengo jipya lipotoke hata kidole kimoja kutoka pale palipowekwa la zamani. Huko Sipari alifukua msingi wa mfalme Naram-Sin, akajigamba kwamba kabla yake hapana mfalme aliyeuona kwa muda wa miaka 3,200. Hesabu yake ilizidi kweli kwa kiasi cha miaka 1,500, lakini tusimcheke sana, maana hakuwa na vifaa tulivyo navyo leo. Aliwatafuta pia waandishi wayasome maandishi ambayo watu wa zama zake walikuwa wameyasahau. Ndiyo sababu wengine humwita mchimbuzi wa kwanza wa mambo ya kale.

Lakini mapenzi yake kwa mungu wa mwezi yalimletea uadui nyumbani. Mungu mkuu wa Babeli alikuwa Marduk, na makuhani wake walikuwa watu wenye mali na sauti. Mfalme aliyemtukuza Sin juu ya Marduk aliwatia hofu na hasira. Katika maandishi ya Harani Nabonidus mwenyewe adai kwamba watu wa Babeli na wa miji mingine mikubwa walikuwa wamemkosea mungu wa mwezi, wakala wao kwa wao kwa fitina, hata maradhi na njaa vikawashukia. Ndipo yeye akaondoka. Kwa hiyo yapata mwaka 553 au 552 K.K. alimkabidhi mwanawe Belshaza sehemu ya jeshi na mambo ya serikali, akashika njia ya magharibi pamoja na askari wake, akafika Tema.

Wasomaji wa Biblia walijua jina la Tema, maana misafara yake yatajwa katika kitabu cha Ayubu. Ndio mji uitwao leo Tayma, kaskazini-magharibi ya Saudia, kiasi cha kilomita 800 kutoka Babeli kwa mstari ulionyooka. Ni mahali pa aina ile waitayo oasisi: katikati ya mchanga na miamba mikavu maji yapatikana karibu na uso wa ardhi, na penye maji pana mitende, mashamba na watu. Kisima chake kikuu, Haddaj, kina upana wa mita 18 hivi, na hata katikati ya karne ya 20 ngamia wengi walikuwa wakivuta maji yake kwa pamoja.

Adui zake waliandika shairi la kumshutumu, ambalo kibao chake kimehifadhiwa. Lasema kwamba alipofika alimwua mfalme wa Tema, akachinja mifugo ya wenyeji mjini na mashambani, kisha akawatwisha watu kazi ya kufyatua matofali na kubeba vikapu ili ajenge jumba linalofanana na lile la Babeli. Hayo yameandikwa na watu waliomchukia na waliotaka kumpendeza aliyemshinda, kwa hiyo yafaa tuyapime. Hata hivyo si vigumu kuamini kwamba jeshi la kigeni halikuingia Tema kwa upole. Wenyeji walipoteza mfalme wao. Wakapata mfalme mwingine, mgeni kwao.

Kwa muda mrefu wanahistoria walipoisoma habari hii waliona kana kwamba mfalme yule alikimbilia ukiwa, mahali pa mahema na mbuzi. Hapo ndipo jembe na ufagio wa wachimbuzi vilipotusaidia. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Kijerumani na wa Saudia wamechimba Tayma, na waliyoyakuta yameigeuza picha yote. Maboma ya mji yana urefu wa zaidi ya kilomita 15, yakizunguka makazi pamoja na mashamba, na sehemu zake za kwanza zilijengwa yapata miaka 4,000 iliyopita, yaani miaka 1,400 kabla Nabonidus hajazaliwa. Kabla hata ya maboma hayo walikuwapo mafundi waliotoboa akiki nyekundu kwa ncha za mawe, wakitengeneza ushanga. Makaburi yametoa mashoka ya shaba nyeusi ya namna iliyotumika Shamu. Na karibu na mji, mwaka 2010, ilitangazwa kwamba juu ya mwamba mmoja pameonekana jina la Ramesesi wa Tatu, Farao wa Misri wa karne ya 12 K.K. Kumbe hata Wamisri walikuwa wakiijua njia ya Tema.

Na Tema haikuwa peke yake. Huko Khaybar, kusini yake, utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha boma jingine la namna hiyo, lenye urefu wa kilomita 14.5, lililojengwa kati ya mwaka 2250 na 1950 K.K., na ndani yake mji mdogo wenye vichochoro na nyumba, ambao wakazi wake walikadiriwa kuwa 500. Hawa walikuwa wakulima na wafanya biashara walioshirikiana kazi kubwa ya ujenzi kwa ajili ya kulinda maji yao na mashamba yao.

Utajiri wao ulitoka barabarani. Ubani na manemane vilivunwa kusini mwa Arabuni, vikapakiwa juu ya ngamia, vikasafirishwa kwenda Misri, Shamu na Babeli, ambako kila hekalu lilihitaji kufukiza. Hapana msafara uliovuka jangwa lile bila kutua penye visima, na mwenye kisima ndiye mwenye bei. Katika karne ya 8 K.K. liwali mmoja wa ukingo wa mto Frati aliandika kwa majivuno jinsi alivyouvizia msafara wa watu wa Tema na Saba waliopita nchi yake bila kufika kwake. Aliteka watu 100 na ngamia 200 pamoja na shehena ya sufi ya rangi ya samawati, chuma na mawe ya thamani. Muda mfupi baadaye mfalme wa Ashuru alipokea kutoka Tema dhahabu, fedha, ngamia na manukato. Na huko Ninawi lango moja la mji lilipewa jina la jangwa, kwa sababu zawadi za Tema ziliingia kwa mlango huo.

Tukirudi kwa Nabonidus sasa, safari yake haionekani tena kuwa ya mwendawazimu. Katika jiwe la Harani ametaja miji aliyoizunguka katika miaka ile kumi: Tema, Dadanu, Padakku, Hibra, Yadihu, mpaka Yatribu. Dadanu ndio Al-Ula ya leo, Hibra ni Khaybar, Padakku ni Fadak. Na Yatribu ni Yathrib, mji ambao miaka zaidi ya elfu moja baadaye Mtume Muhammad alihamia, ukaitwa Madina. Mtu akiyafuata majina hayo juu ya ramani, ataona ni vituo vya barabara ya ubani, kimoja baada ya kingine. Wengine husema alikwenda kwa ajili ya biashara, wengine kwa ajili ya mungu wake, wengine kwa sababu Babeli haikukalika tena. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya kuchagua moja; mtu mmoja aweza kusukumwa na yote matatu.

Mawe yamezidi kuthibitisha maneno yake. Huko Tayma wachimbuzi walipata kipande cha jiwe chenye sanamu yake na maandishi ya kikabari. Mwaka 2021 serikali ya Saudia ilitangaza mwandiko mwingine huko Al-Hait, yaani Fadak yenyewe: mistari 26 iliyochongwa katika mwamba mweusi, na juu yake mfalme ameshika fimbo ya enzi, mwezi ukiwa mbele yake. Lakini kwangu mimi yanayogusa moyo zaidi ni maandishi mafupi yaliyoparuzwa juu ya miamba ya nje ya Tayma, si kwa lugha ya Babeli bali kwa herufi za wenyeji. Baadhi ya walioandika walijitaja kwa jina, wakajitambulisha kuwa watumishi wa Nabonidus, mfalme wa Babeli. Hao hawakuwa wafalme wala makuhani, nao hawakuhitaji mwandishi wa ikulu kuwasemea.

Huko Babeli mambo yaliharibika. Sikukuu ya Mwaka Mpya haikuweza kufanyika bila mfalme kuwapo, maana ndiye aliyepaswa kuushika mkono wa Marduk mbele ya watu. Kumbukumbu za Babeli zarudia tena na tena, mwaka baada ya mwaka, kwamba mfalme alikuwa Tema na sikukuu haikufanyika. Hekalu la Uruk lilikuwa likitoa ngamia na chakula kipelekwe kwa mfalme jangwani. Mwaka 547 K.K. mama yake mzee alifariki. Belshaza na jeshi waliomboleza siku kadhaa, lakini Nabonidus hakuja.

Alirudi yapata mwaka 543 K.K., akalikamilisha hekalu la Harani alilokuwa akiliota mama yake. Muda ulikuwa umekwisha. Koreshi wa Uajemi alikuwa amekwisha kuziteka Umedi na Lidia. Katika mwaka 539 K.K. jeshi la Babeli lilishindwa penye mto Tigri, Sipari ikaanguka bila vita, na mwezi wa Oktoba Waajemi wakaingia Babeli yenyewe. Nabonidus alikamatwa. Mwanahistoria Berossus, Mbabeli aliyeandika kwa Kiyunani, asema kwamba Koreshi alimhurumia, akampeleka kukaa Karmania, mashariki ya Uajemi, akafia huko. Makuhani wa Marduk walimpokea Koreshi kwa shangwe, nao ndio walioandika mengi ya yale tunayoyasoma juu ya mfalme aliyekimbia kiti chake.

Jina lake nusura lipotee. Kitabu cha Danieli chasimulia habari ya Nebukadneza aliyefukuzwa na wanadamu akaishi porini nyakati saba. Lakini miongoni mwa magombo ya Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, mlipatikana kipande cha Kiaramu ambamo mfalme anayepigwa kwa majipu miaka saba huko Teima ni Nabonidus. Wataalamu wengi huona kwamba hiyo ni habari moja, na jina la mfalme asiyejulikana sana likabadilishwa kwa la mfalme mashuhuri.

Tema yenyewe iliendelea kuishi baada yake. Mfaransa Charles Huber, aliyeuawa Arabuni mwaka 1884, aliliona huko jiwe ambalo sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Lilichongwa wakati milki ya Babeli ilikuwa imekwisha kuanguka. Maandishi yake ni ya Kiaramu, na yaeleza jinsi mungu mmoja mgeni alivyokaribishwa Tema, akapewa mitende iwe mapato ya hekalu lake. Kuhani aliyewekwa kumtumikia aliitwa Salm-shezeb, jina lenye sura ya Kibabeli. Baba yake aliitwa Petosiri, na hilo ni jina la Kimisri.