N. F. S. Grundtvig na Shule ya Maisha

Mwaka 2000 Umoja wa Ulaya ulipoanzisha mpango wa kugharimia elimu ya watu wazima katika nchi wanachama, mpango huo ulipewa jina la kasisi mmoja wa Denmark aliyekuwa amefariki miaka 128 kabla ya hapo. Jina hilo ni Grundtvig. Nje ya Ulaya ya Kaskazini halijavuma sana. Hata hivyo, historia ya wazo la kwamba serikali ina wajibu wa kutumia fedha za umma kumwelimisha mtu mzima, wala si mtoto peke yake, haiwezi kukamilika bila ya kulitaja. Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho. Grundtvig alitumia nusu ya pili ya maisha yake akiuliza ni nani atakayeilipia elimu hiyo isiyo na mwisho, na itatolewa kwa lugha gani. La kushangaza ni kwamba shule aliyoidai kwa mfalme wake haikufunguliwa kamwe.

Utoto na Shule ya Kilatini

Nikolaj Frederik Severin Grundtvig alizaliwa tarehe 8 Septemba 1783 katika kijiji cha Udby, kusini mwa kisiwa cha Sjælland. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kilutheri, na mama yake ndiye aliyemfundisha kusoma. Lakini mtu ambaye baadaye alimhesabu kuwa mwalimu wake wa kwanza wa lugha alikuwa Malene, mtumishi wa nyumbani mwenye ulemavu, ambaye alimlea kwa nyimbo na masimulizi katika Kidenmark cha watu wa kawaida.

Alipotimiza miaka tisa alipelekwa Jutland kusomeshwa na kasisi mwingine, na mwaka 1798 akaingia shule ya Kilatini mjini Aarhus. Huko ndiko alikokutana na kile alichokuja kukichukia maisha yake yote. Wanafunzi walikariri kanuni za sarufi ya lugha ambayo hakuna mama aliyekuwa akimbembelezea mwana kwayo, na lugha ya Malene haikuwa na heshima darasani. Miaka mingi baadaye aliziita shule za namna hiyo shule za mauti, kwa kuwa ziliwafundisha vijana kuudharau ulimwengu uliowazaa.

Alihitimu katika masomo ya theolojia katika Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1803. Miongoni mwa aliyoyasikia huko, yaliyomgusa zaidi ni mihadhara ya binamu yake, Henrik Steffens, aliyekuwa amerejea kutoka Ujerumani na fikra mpya za ulimbwende. Kuanzia mwaka 1805 alikuwa mwalimu wa nyumbani katika kisiwa cha Langeland, ambako alimpenda kwa siri mama wa mtoto aliyekuwa akimfundisha. Penzi hilo halikuwa na njia. Liliigeuza roho yake kwenye ushairi na kwenye visasili vya kale vya watu wa Kaskazini, na mwaka 1808 alichapisha kitabu chake cha kwanza mashuhuri kuhusu visasili hivyo.

Taifa Maskini na Mshairi Wake

Ili kuufahamu wito wa Grundtvig, ni sharti kuifahamu Denmark ya ujana wake. Mwaka 1807 majeshi ya Uingereza yaliupiga kwa makombora mji wa Copenhagen na kuchukua manowari za taifa hilo. Mwaka 1813 hazina ya serikali ilifilisika. Mwaka 1814 mfalme alipokonywa Norwe, nchi iliyokuwa chini ya taji la Denmark kwa zaidi ya karne nne. Hata hivyo, katika mwaka uo huo wa 1814, serikali hiyo iliyofilisika ilipitisha sheria ya kumtaka kila mtoto, wa shamba na wa mjini, asome kwa miaka saba. Taifa dogo liliamua kwamba lililobakia kuwekezewa ni watu wake.

Grundtvig, aliyetawazwa kuwa kasisi mwaka 1811 baada ya kipindi kizito cha msukosuko wa akili na imani, alijitwika kazi nyingine: kuwarudishia watu hao kumbukumbu yao. Kati ya mwaka 1815 na 1822 alizitafsiri kwa Kidenmark tarikhi za Saxo na Snorri, zilizokuwa zimefungiwa katika Kilatini na katika lugha ya kale ya Iceland. Aidha, mwaka 1815 utenzi wa Kiingereza cha kale uitwao Beowulf ulipochapishwa kwa mara ya kwanza, mhariri wake aliufasiri kwa Kilatini. Grundtvig alijifundisha Kiingereza cha kale, akaonyesha makosa ya fasiri hiyo, na mwaka 1820 akatoa tafsiri ya Kidenmark. Hiyo ndiyo tafsiri ya kwanza ya utenzi huo mzima katika lugha ya kisasa. Waingereza wenyewe walikuwa bado hawajapata yao.

Ulimi wake mkali ulimponza. Mwaka 1825 aliandika kijitabu cha kumshambulia profesa wa theolojia, H. N. Clausen, akimtaka ajiuzulu au aombe radhi. Profesa alimshtaki kwa kumchafulia jina, na mwaka 1826 mahakama ilimtia Grundtvig hatiani. Kuanzia hapo kila alichotaka kukichapisha kililazimika kukaguliwa kwanza na serikali. Aliacha ukasisi, akawa mtu mwenye mke, watoto na deni, asiye na mimbari. Udhibiti huo haukuondolewa hadi mwaka 1837.

Safari za Uingereza na Kuzaliwa kwa Wazo

Ni katika miaka hiyo ya kufungwa mdomo ndipo wazo la shule lilipoiva. Kwa ruzuku ya mfalme, Grundtvig alisafiri Uingereza mwaka 1829, 1830 na 1831 ili kuchunguza miswada ya Kiingereza cha kale. Alichokitafuta kilikuwa katika maktaba. Alichokipata kilikuwa nje yake. Aliona London iliyojaa shughuli, watu wanaojadili mambo ya umma bila woga, na katika Chuo cha Trinity, Cambridge, aliona wasomi na wanafunzi wakiishi pamoja, wakila meza moja na kuzungumza nje ya saa za masomo. Alirejea akiamini kwamba elimu huzaliwa katika mazungumzo baina ya watu huru, na kwamba kitabu ni msaidizi wa neno lililo hai, si bwana wake.

Wakati huohuo siasa ya Denmark ilikuwa ikibadilika. Katika miaka ya 1830 mfalme aliunda mabaraza ya ushauri ambamo wakulima wenye ardhi wangeweza kuchaguliwa. Watu ambao babu zao hawakuruhusiwa kuhama kutoka shamba la bwana wao, kifungo kilichoondolewa mwaka 1788 pekee, sasa walitakiwa kumshauri mfalme. Grundtvig aliuliza swali lililokuwa gumu kujibiwa: mkulima huyo angejifunzia wapi kazi hiyo? Sheria ya 1814 ilimwacha akingali mtoto, na chuo kikuu kilimtaka ajue Kilatini.

Jibu lake, lililoelezwa katika maandishi kadhaa na hasa katika kitabu cha mwaka 1838 kuhusu shule ya maisha, lilikuwa chuo cha wananchi. Kingekuwa cha vijana waliokwisha kukua, wenye umri wa kuanzia miaka 18. Lugha yake ingekuwa Kidenmark. Masomo yangekuwa historia, mashairi, nyimbo, sheria za nchi na hali ya uchumi wake. Mtihani usingekuwapo, wala cheti. Mkulima angeingia akiwa mkulima na kutoka akiwa mkulima, ila mwenye macho yaliyofunguka.

Aidha, hakupendekeza jambo hilo hewani. Alionyesha fedha zitakakotoka. Mjini Sorø palikuwa na chuo cha kale kilichomiliki mashamba na misitu mikubwa, kilichokusudiwa hasa vijana wa tabaka la juu. Grundtvig alidai kwamba utajiri huo wa umma utumiwe kuwasomesha watu wote.

Ahadi ya Mfalme

Mwaka 1839 Christian wa Nane alitawazwa, na Malkia Caroline Amalie alikuwa msikilizaji mwaminifu wa Grundtvig. Mwaka huohuo Grundtvig alipata ukasisi katika kanisa la hospitali ya Vartov, Copenhagen, wadhifa alioushika hadi kufa. Hatimaye, mwaka 1847, mfalme aliagiza Sorø igeuzwe kuelekea mpango huo. Grundtvig alikuwa na umri wa miaka 63, na ndoto yake ilibakiza hatua moja. Mnamo Januari 1848 mfalme alifariki. Vita vya Schleswig vikazuka, utawala wa kifalme usio na mipaka ukaondoka, na serikali mpya ikalitupilia mbali agizo la Sorø. Grundtvig aliketi katika bunge lililoandika katiba ya 1849, ila kura ya mwisho ilipopigwa hakuiunga mkono wala kuipinga.

Mbegu, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kuota kwingine. Mnamo Novemba 1844 chuo cha kwanza cha wananchi kilifunguliwa Rødding, Schleswig ya Kaskazini, mahali ambapo Kidenmark kilikuwa kikisongwa na Kijerumani. Aliyekiongozea njia alikuwa Christian Flor, profesa wa lugha na fasihi ya Kidenmark. Mwaka 1851 Kristen Kold, mtoto wa fundi viatu, alifungua chake Ryslinge, katika kisiwa cha Funen. Grundtvig alimsaidia kukusanya michango, akamshauri asipokee walio chini ya miaka 18. Kold alitaka vijana wadogo zaidi. Baadaye alikiri kwamba mzee hakukosea.

Pigo la 1864 ndilo lililovieneza vyuo hivyo. Denmark ilishindwa vitani na Prussia na Austria, ikapoteza Schleswig na Holstein. Rødding ikawa chini ya wageni, na mwaka 1865 walimu wake wakavuka mpaka mpya na kuanzisha chuo cha Askov. Vyuo vingine vikachipuka vijijini. Vijana wa kiume walihudhuria majira ya baridi, kazi za shamba zinapopungua, na wasichana majira ya kiangazi. Nafaka ya bei nafuu kutoka ng'ambo ilipoharibu soko katika miaka ya 1870, wakulima wa Denmark waligeukia siagi na nyama ya nguruwe, na kuanzia mwaka 1882 wakaunda viwanda vya maziwa vya ushirika. Wanahistoria wengi huuhusisha uwezo huo wa kushirikiana na vyuo ambavyo havikufundisha hata namna ya kukamua ng'ombe.

Serikali nayo ilianza kuchangia. Sheria ya mwaka 1892 iliuweka msaada wa umma kwa vyuo hivyo na kwa wanafunzi wasiojiweza katika msingi thabiti, bila ya kuvilazimisha kutahini. Hapo ndipo lilipotimia kwa mlango wa nyuma lile lililokataliwa Sorø: hazina ya umma inalipa, lakini haiamuru kinachofundishwa.

Mwisho wa Safari na Urithi

Grundtvig hakuiona sheria hiyo. Alioa mara tatu, akafiwa na wake wawili, akatunga tenzi za kanisa zipatazo 1,500, na mwaka 1861 akapewa cheo cha heshima cha uaskofu. Si kila alichokitetea kilikubalika: alipinga elimu ya lazima kwa watoto, na uzalendo wake mara nyingine ulikosa huruma kwa Wajerumani. Tarehe 1 Septemba 1872 alihubiri Vartov kama kawaida yake. Siku iliyofuata, akiwa amebakiza siku sita kutimiza miaka 89, aliaga dunia akiwa ameketi kitini mwake.

Wazo lake lilivuka mipaka. Norwe ilipata chuo cha namna hiyo mwaka 1864 na Sweden mwaka 1868. Kutoka Sweden lilifika Afrika Mashariki: mwaka 1975 Tanzania ya Mwalimu Nyerere, kwa msaada wa nchi hiyo, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo idadi yake ilizidi 50 na ambavyo lugha yake ya kufundishia ni Kiswahili. Katika vyuo hivyo mtu mzima wa kijijini hakuhitaji kwanza kuivuka lugha ya wengine ili apate kujifunza.

Ulaya yenyewe ilimkumbuka kwa kipimo. Kati ya mwaka 2007 na 2013 Umoja wa Ulaya ulitenga karibu yuro bilioni 7 kwa elimu ya maisha yote. Vyuo vikuu, kupitia mpango wa Erasmus, vilitengewa angalau asilimia 40. Elimu ya watu wazima, iliyobeba jina la Grundtvig, angalau asilimia 4. Mwaka 2014 mipango hiyo iliunganishwa chini ya jina la Erasmus, msomi mkubwa wa Kilatini, na jina la Grundtvig likaondolewa. Denmark, kwa upande wake, ingali na vyuo vya wananchi zaidi ya 70. Vinapokea fedha za umma, vinafundisha kwa neno lililo hai, na anayemaliza masomo humo huondoka bila ya kutahiniwa.