Pasteur, Bwana Aliyeuita Uchachu Ugonjwa

Hapa Masalani, kando ya Mto Tana, mtoto huujua uchachu kabla hajajua kusoma. Maziwa ya ngamia hutiwa ndani ya chombo kilichofukizwa moshi, yakaachwa siku moja au mbili, na yakishaiva huitwa susa. Wengi wetu ni Waislamu na pombe haipiti mezani petu. Hata hivyo leo nataka tumtazame mtu ambaye jina lake limeshikamana na maziwa, mvinyo na bia pamoja, kwani hukumu aliyoitoa juu ya uchachu ndiyo ambayo mama muuza maziwa hupimwa kwayo mpaka sasa. Mtu huyo ni Louis Pasteur.

Alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, askari wa zamani wa Napoleon, alikuwa mtengeneza ngozi. Kijana alilelewa Arbois, mji wa mashamba ya mizabibu, na kipaji chake cha kwanza kilikuwa kuchora sura za watu. Mwaka 1843 aliingia chuo cha École Normale mjini Paris, akazama katika kemia. Mimi nadhani yule mchoraji hakumtoka kamwe, maana kazi zake kubwa zilitokana na kukitazama kitu kimoja mpaka wenzake wachoke.

Mwaka 1854 alipelekwa Lille kuongoza kitivo cha sayansi. Miaka miwili baadaye bwana mmoja aitwaye Bigo, aliyekuwa akitengeneza spiriti kwa viazisukari, alimjia na malalamiko. Mapipa yake mengine yalitoa spiriti safi, mengine yaligeuka machachu. Pasteur akachota kidogo, akatia chini ya hadubini. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za hamira; katika yale mabaya, vijiti vyembamba. Mwaka 1857 akatangaza kwamba hata kuchacha kwa maziwa ni kazi ya viumbe hai. Wakati huo Liebig, mkemia mkubwa wa Ujerumani, alifundisha kwamba ni kuoza tu, wala hakuna kiumbe anayehusika.

Baadaye akaonyesha kwamba mvinyo ukipashwa moto wa digrii kama 50 hadi 60 hauharibiki. Njia hiyo ikapewa jina lake, ikahamia kwenye maziwa, na hapana shaka imeokoa watoto wasiohesabika. Yeye mwenyewe hakubahatika hivyo. Katika watoto wake watano, watatu walikufa wadogo, na mwaka 1868 alipatwa na kiharusi kilichoulemaza upande wake wa kushoto.

Ndipo ikaja vita ya Ufaransa na Ujerumani ya mwaka 1870. Pasteur alikasirika hata akakirudisha Chuo Kikuu cha Bonn cheti cha heshima kilichomtunukia. Akaazimia kuwashinda Wajerumani katika bia! Ajabu ni kwamba hakuwa mpenzi wa bia, na rafiki yake Bertin, aliyeijua vizuri, alimtania kwa hilo. Mwaka 1871 alikwenda London, akatazama hamira ya kiwanda kimoja kwa hadubini, akawaambia wenyewe kwamba ina kasoro. Kitabu chake juu ya bia kilitoka mwaka 1876, na ndani yake bia chachu ni bia iliyougua.

Sasa tazama jirani zake Wabelgiji. Kandokando ya Brussels kuna bia iitwayo lambic, ambayo haitiwi hamira. Maji ya shayiri na ngano huachwa usiku kucha, katika miezi ya baridi, ndani ya sinia kubwa lisilofunikwa, vijidudu vya hewani vikaingia. Kisha hukaa katika mapipa ya mti mwaka mmoja, miwili au mitatu, na mjuzi huchanganya changa na kongwe kupata gueuze. Anayeihukumu hutofautisha uchachu na uchachu. Ule wa asidi ya maziwa ni mpole, hukaa ulimini. Ule wa siki hukwaruza koo, na ukizidi bia ina dosari. Harufu inayokumbusha ngozi na zizi la farasi husifiwa. Hamira inayoileta ilipewa jina Brettanomyces na Claussen wa Denmark mwaka 1904.

Wajuzi hao wangeelewana sana na akina mama wa hapa. Mama hufungua chombo, akanusa, akaonja tone, akajua kama susa limeiva au limepita. Wagema wa mnazi kule pwani nao hujua saa ambayo tembo tamu huwa kali, na siku ambayo halifai ila kwa siki. Hadubini haikumfundisha hata mmoja wao.

Lakini nisimwonee Pasteur. Maziwa mabichi huleta bruselosi, na ulimi wa mama, hata uwe mjuzi namna gani, hauwezi kuionja. Moto huiua. Taabu ni kwamba moto huua pia wale wanaolichachusha susa.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, baada ya kujulikana dunia nzima kwa chanjo ya kichaa cha mbwa ya mwaka 1885. Taasisi yenye jina lake ilifunguliwa Paris mwaka 1888, na mwaka huohuo alifika pale Mrusi Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Huyu alihubiri kwamba maziwa machachu hurefusha maisha, na mwenyewe akayanywa. Aliagiza kwanza yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe vijidudu vilivyochaguliwa. Hapa Masalani kijiko kimoja cha susa la jana hufanya kazi hiyohiyo.