George Reeves

George Reeves (jina la kuzaliwa: George Keefer Brewer, 5 Januari 1914 – 16 Juni 1959) alikuwa mwigizaji wa filamu na televisheni kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuigiza kama Superman katika mfululizo wa televisheni Adventures of Superman, uliorushwa kuanzia mwaka 1952 hadi 1958. Mfululizo huo ulikuwa kati ya ile ya kwanza kabisa ya televisheni kutokana na majarida ya katuni, na ulipendwa mno na watoto. Mapenzi hayo ya watazamaji yalimpa Reeves jina kubwa, lakini pia yalifanya iwe vigumu kwake kukubalika katika uhusika mwingine wowote.

Reeves asichanganywe na Christopher Reeve (1952–2004), aliyeigiza kama Superman katika filamu nne zilizotoka kati ya 1978 na 1987. Majina yao yanakaribiana, lakini hawakuwa ndugu.

Maisha ya awali

Reeves alizaliwa Woolstock, kijiji kidogo katika jimbo la Iowa. Wazazi wake, Don Brewer na Helen Lescher, walitengana muda mfupi baada ya kuzaliwa kwake. Mama alimchukua mtoto na kwenda naye Galesburg, Illinois, kisha wakahamia Pasadena, California. Huko Helen aliolewa na Frank Bessolo, ambaye alimwasili kijana huyo mwaka 1927. Tangu hapo akaitwa George Bessolo. Ndoa hiyo nayo ilivunjika baadaye. Mama yake alikuwa na sauti kubwa katika maisha yake yote, na aliendelea kumpigania hata baada ya kifo chake.

Alisoma katika chuo cha Pasadena Junior College. Katika ujana wake alipenda ngumi na akapigana kama bondia wa ridhaa wa uzito wa juu, lakini mama yake hakuufurahia mchezo huo kwa kuhofia kuumia kwake. Akaachana nao, akageukia uigizaji wa jukwaani katika ukumbi wa Pasadena Playhouse, ambao wakati huo ulikuwa mahali pa kuwapika waigizaji wengi wa Hollywood. Huko ndiko alikokutana na mwigizaji Ellanora Needles, ambaye alimwoa mwaka 1940. Ndoa yao ilidumu takriban miaka kumi, na hawakupata mtoto.

Kazi ya filamu

Filamu yake ya kwanza kubwa ilikuwa Gone with the Wind (1939), mojawapo ya filamu zilizotazamwa na watu wengi zaidi katika historia ya sinema. Aliigiza kama Stuart Tarleton, mmoja wa mapacha wawili wanaomzunguka Scarlett O'Hara mwanzoni mwa filamu. Katika orodha ya waigizaji majina ya mapacha hao yalibadilishana kwa makosa, hivyo Reeves akaandikwa kuwa ndiye Brent. Wakati huohuo kampuni ya Warner Bros. ilimpa jina la kazini alilolitumia hadi mwisho, yaani George Reeves.

Mwaka 1943 alishiriki katika So Proudly We Hail!, filamu ya vita iliyoongozwa na Mark Sandrich, akiwa pamoja na Claudette Colbert. Ilionekana kana kwamba mlango wa kuwa nyota wa filamu umemfungukia. Mwaka huohuo, hata hivyo, aliitwa jeshini kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alitumikia katika jeshi la anga, ambako aliigiza katika mchezo wa jukwaani Winged Victory na katika filamu za mafunzo kwa askari.

Sandrich alifariki dunia mwaka 1945, na Reeves alipotoka jeshini hakuwa tena na mwongozaji wa kumshika mkono. Alipata kazi ndogo katika filamu za gharama nafuu, zikiwemo Jungle Jim (1948) na Adventures of Sir Galahad (1949), filamu ya sehemu nyingi iliyoonyeshwa sinema kwa wiki mfululizo.

Superman

Superman alibuniwa na vijana wawili, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster. Alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika toleo la kwanza la jarida la katuni Action Comics. Katika hadithi hiyo, mtoto kutoka sayari iliyoangamia analelewa duniani, anakua akiwa na nguvu zisizo za kawaida, na kujificha katika umbo la mwandishi wa habari mpole aitwaye Clark Kent. Siegel na Shuster waliuza haki za shujaa huyo kwa dola 130 tu, na faida kubwa iliyopatikana baadaye ilikwenda kwa wachapishaji. Superman alipelekwa redioni mwaka 1940, na mwaka 1948 mwigizaji Kirk Alyn akamwigiza katika filamu ya sehemu nyingi.

Mwaka 1951 Reeves alichaguliwa kuigiza katika Superman and the Mole Men, filamu fupi iliyotengenezwa ili kuandaa njia ya mfululizo wa televisheni. Wakati ule waigizaji wengi wa filamu waliidharau televisheni, na Reeves aliipokea kazi hiyo bila matumaini makubwa. Msimu wa kwanza ulirekodiwa mwaka 1951, lakini haukurushwa hadi Septemba 1952, baada ya kampuni ya vyakula vya kifungua kinywa ya Kellogg's kukubali kuudhamini.

Kwa jumla zilitengenezwa sehemu 104 katika misimu sita. Misimu miwili ya kwanza ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, na iliyofuata ilipigwa kwa rangi, ingawa nyumba nyingi bado hazikuwa na televisheni za rangi. Mhusika Lois Lane aliigizwa na Phyllis Coates katika msimu wa kwanza, kisha na Noel Neill. Jack Larson alikuwa Jimmy Olsen, kijana wa ofisi ya gazeti, na John Hamilton alikuwa mhariri Perry White.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu na ya haraka. Ili kubana gharama, matukio ya sehemu kadhaa yaliyotokea mahali pamoja, kwa mfano ofisini kwa mhariri, yalirekodiwa kwa mkupuo mmoja. Ndiyo sababu wahusika huonekana wakivaa nguo zilezile sehemu baada ya sehemu. Katika misimu ya mwanzo vazi la Superman halikuwa la bluu na nyekundu, bali la kijivu na kahawia, kwa kuwa rangi hizo zilionekana vizuri zaidi katika picha nyeusi na nyeupe. Ndani yake viliwekwa vipande vya kumwongezea Reeves mabega na kifua. Ili aonekane akiruka, mwanzoni alining'inizwa kwa waya. Baada ya kuanguka, alianza kutumia ubao wa kurukia uliofichwa nje ya picha.

Reeves alimchora Clark Kent kwa namna yake. Hakumfanya mtu mwoga wa kuchekwa, bali mwandishi wa habari mwerevu na anayejiamini. Katika msimu wa mwisho aliongoza mwenyewe sehemu tatu za mwisho.

Mashabiki

Watazamaji wakuu wa mfululizo huo walikuwa watoto. Walijifunga taulo au shuka shingoni kama joho la Superman na kucheza naye uani. Jambo hilo liliwatia hofu wazazi na watengenezaji, kwani mtoto angeweza kujirusha kutoka mahali pa juu akidhani ataruka. Katika sehemu mojawapo Superman anamweleza mtoto kwamba vazi lake pekee haliwezi kumrusha mtu.

Reeves aliuchukua wajibu huo kwa uzito. Alijaribu kutoonekana akivuta sigara mbele ya watoto, na alitembelea hospitali na kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa, hasa wenye maradhi ya misuli yaitwayo maiasthenia gravis. Mwaka 1954 aliigiza katika Stamp Day for Superman, filamu fupi iliyotengenezwa kwa ajili ya Wizara ya Fedha ya Marekani na kuonyeshwa shuleni ili kuwahimiza wanafunzi kuweka akiba. Januari 1957 alitokea akiwa na vazi lake katika I Love Lucy, mfululizo wa vichekesho uliokuwa na watazamaji wengi sana.

Hata hivyo, kuonekana hadharani akiwa Superman hakukuwa kazi nyepesi. Baadhi ya watoto walimpiga mateke au kumfinya ili kuhakikisha kama kweli haumii. Aidha, mkataba wake ulimbana asiweze kuchukua kazi nyingine kwa uhuru.

Mwaka 1953 alicheza sehemu ndogo katika From Here to Eternity, filamu iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Kuna masimulizi yaliyoenea kwamba watazamaji wa majaribio walimcheka na kulitaja jina la Superman kila alipotokea, na kwamba kwa sababu hiyo sehemu yake ilikatwa. Mwongozaji Fred Zinnemann alikanusha jambo hilo. Masimulizi hayo yameendelea kuishi kwa sababu yanagusa ukweli mwingine: baada ya Superman, Reeves alipata kazi chache za filamu. Ya mwisho ilikuwa Westward Ho the Wagons! (1956) ya kampuni ya Disney, ambamo alifuga ndevu.

Kifo

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Juni 1959, Reeves alikutwa chumbani kwake huko Los Angeles akiwa amefariki kwa risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mchumba wake, Leonore Lemmon, na wageni wengine walikuwa katika ghorofa ya chini. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua.

Mama yake hakuukubali uamuzi huo. Alimwajiri wakili mashuhuri Jerry Giesler ili auchunguze upya. Waliotilia shaka walitaja kuchelewa kwa watu waliokuwamo nyumbani kuita polisi, pamoja na matundu mengine ya risasi yaliyoonekana sakafuni. Wengine walitaja uhusiano wake wa miaka mingi na Toni Mannix, mke wa Eddie Mannix aliyekuwa kiongozi katika kampuni ya filamu ya MGM, uhusiano uliovunjika muda mfupi kabla ya kifo. Hata hivyo, hakuna aliyeshtakiwa, na uamuzi wa awali haukubadilishwa. Helen Bessolo alifariki mwaka 1964 akiwa bado anaamini kwamba mwanawe hakujiua.

Kwa watoto wengi wa Marekani habari hizo zilikuwa ngumu kueleweka. Magazeti yalimtaja marehemu kwa jina la shujaa wake, na wazazi wakalazimika kuwaeleza watoto tofauti kati ya Superman, ambaye risasi hazimdhuru, na mtu aliyemwigiza.

Mfululizo wake na Afrika Mashariki

Reeves alipofariki, Afrika Mashariki ilikuwa bado haina televisheni. Kenya ilianza kurusha matangazo yake mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kizazi kizima cha wakazi wa mikoa ya mbali na pwani, kwa mfano Sumbawanga na sehemu nyingine za uwanda wa juu wa Ufipa mkoani Rukwa, kilikua bila kituo cha televisheni nchini mwao.

Hata hivyo, ushabiki wa mashujaa wa katuni haukukosekana. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wengi wa Afrika Mashariki walisoma jarida la African Film la kampuni ya Drum, lililosimulia hadithi kwa picha za kamera badala ya michoro. Shujaa wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi mweusi mwenye kofia na sigara kubwa, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Kama ilivyokuwa kwa Reeves, jina la shujaa lilijulikana kuliko la mwigizaji.

Kumbukumbu

Mwaka 1960 Reeves alipewa nyota katika njia ya kumbukumbu ya Hollywood Walk of Fame. Mfululizo wake uliendelea kurudiwa katika vituo vya televisheni kwa miongo kadhaa, hivyo watoto waliozaliwa baada ya kifo chake nao wakamfahamu. Baadaye ilikuja mifululizo mingine kuhusu Superman, ikiwemo Lois & Clark (1993–1997) na Smallville (2001–2011).

Mji wa Metropolis katika jimbo la Illinois, unaoitwa kama mji wa Superman katika katuni, ulijitangaza mwaka 1972 kuwa nyumbani kwa shujaa huyo. Kila mwaka mwezi wa Juni mashabiki hukusanyika huko, wengi wakiwa wamevaa mavazi ya wahusika. Noel Neill alikuwa mgeni wao wa mara kwa mara, na mwaka 2010 sanamu yake ikiwa na sura ya Lois Lane ilizinduliwa mjini humo.

Filamu ya Hollywoodland (2006) inasimulia maisha na kifo cha Reeves, ambaye aliigizwa na Ben Affleck. Miaka kumi baadaye Affleck mwenyewe alivaa vazi la shujaa mwingine wa katuni, Batman.