Najdorf, mkimbizi aliyeacha jina katika chesi

Agosti 1939 Miguel Najdorf alikuwa Buenos Aires, Argentina, na timu ya Poland katika mashindano ya dunia ya sataranji, yaani chesi. Wakati huo akiitwa Mieczysław, Myahudi wa miaka 29, mzaliwa wa Grodzisk Mazowiecki karibu na Warsaw. Mashindano yakiendelea, Septemba 1, majeshi ya Hitler yakaivamia Poland. Timu yake ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Ujerumani yenyewe! Njia ya kurudi ikawa imefungwa.

Mkewe, mtoto wao, wazazi na ndugu walibaki nyumbani. Msomaji aliyewahi kuvuka mpaka akaacha watu nyuma hahitaji kuelezwa hali hiyo. Najdorf aliuza bima na mwaka 1944 akapata uraia. Lakini alibuni njia yake ya kutuma salamu: kucheza na watu wengi kwa pamoja bila kutazama ubao, akitumaini magazeti yataandika na jamaa zake watajua yu hai. Mwaka 1947 mjini São Paulo, Brazil, alicheza michezo 45 namna hiyo. Alishinda 39, akatoka sare 4, akashindwa 2. Kutoka Poland hakuna aliyejibu. Walikuwa wameuawa.

Jina lake limebaki katika ufunguzi mmoja wa Utetezi wa Sicilia. Katika hatua ya tano, mwenye kete nyeusi husogeza askari wa pembeni nyumba moja tu. Mgeni ataona ni uvivu. Kumbe farasi na askofu wa mpinzani wamenyimwa mahali pa kutua.

Mwaka 1955, Göteborg, Sweden, ufunguzi huo ulimgeuka mwenyewe. Siku moja Waajentina watatu, Panno, Pilnik na Najdorf, walikutana na Wasovieti Geller, Spassky na Keres, wote watatu wakitumia mpango uleule walioandaa pamoja. Geller akatoa farasi wake sadaka mbele ya mfalme wa Panno. Spassky na Keres, waliokuwa wakichungulia meza ya mwenzao, wakafanya vilevile. Waajentina wote walishindwa, Najdorf kwa mkono wa Keres.

Mpango ule uliharibika, ufunguzi haukufa. Fischer na Kasparov waliutumia miaka mingi. Najdorf alifariki Málaga, Hispania, mwaka 1997, akiwa na miaka 87.